Kutazama Vipepeo Milimani, Arusha na Moshi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wikiendi huwa natembeza watu kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro kwa ajili ya vipepeo tu, na kila kundi jipya huniuliza yale yale, mara nyingi kwa mpangilio ule ule. Nimeyakusanya hapa. Soma linalokuhusu, jambo likishajibiwa sehemu moja, kwingine nimekuelekeza tu.

## Kabla hujafunga kamba za viatu

1. Lazima nipande mpaka kileleni ndiyo niwaone?

Hapana. Ukipania kilele utawakosa karibu wote. Joto hupungua nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na kipepeo hana moto wake mwenyewe: hutegemea jua limpashe mwili kabla hajaweza kuruka. Kwa hiyo wingi wao uko chini, pale mashamba ya migomba yanapokutana na msitu, kwenye vijito na kingo za njia ambako jua linafika.

Hapo ndipo wapandaji wengi wanapopita mbio, macho kwenye visigino vya aliye mbele, wawahi kambini kabla ya mvua. Mimi huwaambia watu wangu kwamba kilomita mbili kwa saa tatu ni mwendo mzuri tu. Hucheka. Tukifika kijito cha kwanza na kukaa robo saa bila kusogea, vicheko huisha vyenyewe.

2. Niende mwezi gani?

Nenda jua linaporudi baada ya mvua. Mvua huleta majani mabichi, majani hulisha viwavi, na wiki kadhaa baadaye vipepeo wako hewani. Vuli ikikatika, mwishoni mwa Desemba, Januari yote na mwanzo wa Februari huwa ni sherehe. Hicho ndicho kiangazi chetu, na ukinilazimisha nichague mwezi mmoja nitasema Januari. Nafasi ya pili ni masika inapokwisha, kuanzia mwisho wa Mei kuingia Juni, ila hapo wingu na baridi vinaweza kukuharibia siku.

Februari ikikauka sana, maua ya nyanda za chini huisha na vipepeo hubana kandokando ya maji, kwa hiyo nawe fuata maji. Aprili njia ni utelezi mtupu na siwezi kumshauri mtu apange safari, lakini kama unaishi hapa na kumepambazuka jua kali baada ya mvua ya usiku kucha, acha kazi zako za nyumbani utoke.

3. Saa ngapi ni nzuri?

Kuanzia saa tatu na nusu asubuhi hadi saa nane mchana. Kabla ya hapo msitu bado ni baridi. Ukiwahi, utawakuta wakiota jua juu ya mawe na majani, mabawa yamefunguliwa kama kitabu. Huo ndio wakati wa kuwakaribia, maana misuli haijapata moto na hawana haraka. Mchana wingu huwa na tabia ya kushuka juu ya miteremko, na likifunika jua tu, wote hupotea kana kwamba mtu amezima taa. Wameenda wapi? Soma swali la 23.

4. Wageni wangu wa Ulaya wanakuja Julai, wanasema ni majira ya joto. Itakuwaje?

Ni majira ya joto kwao. Hapa Julai ni kipupwe: Arusha asubuhi inaweza kuwa nyuzi 12 au 13, wingu limelala hadi saa tano, na kwenye baridi ya namna hiyo vipepeo wengi hawaruki kabisa. Usiwavunje moyo, ila wapeleke chini: Msitu wa Rau pale Moshi, au hata tambarare upande wa kusini wa barabara kuu, ambako jua hutoka mapema kuliko mlimani. Anzeni saa nne, si alfajiri. Na kuna faida moja ya kuja miezi ya baridi ambayo nimeieleza kwenye swali la 16.

5. Nibebe vifaa gani?

Macho, maji, kofia na subira. Ukiwa na darubini ni vizuri zaidi, lakini ijaribu kabla: darubini nyingi za safari zimetengenezwa kwa tembo wa mbali, na kitu kilicho mita tatu mbele yako kinaonekana ukungu tupu. Unataka inayoona vizuri kitu kilicho mita mbili kutoka kwako.

Vaa suruali ndefu, uichomeke ndani ya soksi (sababu iko swali la 21). Koti la mvua hata kama mbingu ni nyeupe pe. Daftari dogo. Nyavu waachie watafiti.

6. Nitamjuaje kipepeo na nondo?

Tazama papasi, vile vipembe viwili vya kichwani. Vya kipepeo ni vyembamba na mwishoni vina kijirungu kama kichwa cha kiberiti. Vya nondo ni kama unyoya, au uzi usio na kijirungu. Kigezo cha “nondo huruka usiku” husaidia, ila si sheria; wapo nondo wa mchana wenye rangi kali wanaodanganya hata wazoefu.

## Wapi hasa

7. Niko Arusha mjini na nina nusu siku tu.

Ziwa Duluti, Tengeru. Unapanda haisi ya Usa River, unashuka Tengeru, unamalizia kwa bodaboda au kwa miguu. Ni ziwa la kreta lililozungukwa na msitu wa hifadhi, na njia ya miguu inapita chini ya miti kandokando ya maji. Ndani ya msitu kuna kiza; vipepeo wamejaa mahali mti ulipoanguka na kuacha dirisha la jua. Ukiona dirisha hilo, simama. Usipite.

8. Na nikiwa Moshi?

Inategemea miguu yako. Msitu wa Rau uko pembeni kabisa ya mji, tambarare, una mivule mikubwa na chemchemi, na hata mzee mwenye magoti mabovu atatembea. Uru, kwenye njia ya kwenda maporomoko ya Materuni, unapata vihamba (mashamba ya nyumbani ya Wachaga), kahawa na kijito kwa pamoja. Kupanda kwake ni kwa wastani.

Marangu ina ngazi mbili. Unaweza kubaki vijijini, kwenye njia za maporomoko ya Kinukamori na Ndoro, au kulipia kiingilio cha Hifadhi ya Kilimanjaro na kupanda siku moja hadi Mandara, mita 2,720, pamoja na mwongozaji mwenye leseni. Watu wengi hudhani Mandara ndiyo bora kwa kuwa ni ghali. Kwa mbega, kweli, na kwa ukubwa wa miti pia. Kwa hesabu ya vipepeo, Materuni siku ya jua huishinda, na nauli yake ni ya haisi.

9. Hifadhi ya Taifa ya Arusha inafaa? Naweza kutembea mwenyewe?

Inafaa sana, lakini peke yako hutembei. Kuna nyati na tembo, kwa hiyo kila matembezi ya miguu huongozwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Mweleze mapema, kabla hamjaondoka getini, kwamba mmekuja kwa vipepeo na mtasimama mara hamsini. Usipomwambia atawapeleka kwa mwendo wa kazi.

Matembezi ya kutoka geti la Momella kuelekea maporomoko ya Tululusia ndiyo ninayoyapenda zaidi: geti liko kama mita 1,500, unaanza kwenye majani mafupi wanakolisha nyati na twiga, kisha unaingia msituni, na kila badiliko la mimea lina vipepeo wake. Ukingo wa kreta ya Ngurdoto nao ni mzuri kwa spishi za msituni. Kushuka ndani ya kreta hakuruhusiwi. Malipo ya kiingilio hufanyika kwa namba ya malipo, kwa hiyo shughulikia hilo kabla hujaondoka mjini, mtandao ukiwa mzuri.

10. Kwa nini nimeona wengi kwenye kihamba kuliko ndani ya msitu?

Kwa sababu kihamba cha Kichaga ni bustani ya ghorofa: juu miti mirefu, chini yake migomba, chini tena kahawa, kisha magimbi, maharage, maua ya uani na michungwa miwili mitatu. Jua linapenya, mifereji inapeleka maji, na kila ghorofa ina jani la kulisha kiwavi wa namna yake. Ndani ya msitu mnene vipepeo wengi wako juu vileleni mwa miti, ambako huwaoni.

Usisahau kwamba kihamba ni nyumbani kwa mtu. Piga hodi. Salimia kwanza, eleza umefuata nini. Utachekwa kidogo, halafu utaonyeshwa mahali pazuri kuliko ulipokuwa unakwenda.

11. Juu ya mstari wa miti kuna vipepeo?

Wapo, wachache. Kwenye Meru, ukishapita kibanda cha Miriakamba, mita 2,514, na kuendelea kuelekea kibanda cha Saddle, mita 3,570, msitu unageuka vichaka na upepo unakuwa mkali. Utakaowaona huruka chini chini na kujibanza kila upepo ukivuma. Kipepeo mmoja wa kumtafuta huko ni *Vanessa cardui*, wa rangi ya chungwa iliyofifia na ncha nyeusi zenye madoa meupe. Huyu ni msafiri wa kutisha: jamii yake huhama kati ya Ulaya na Afrika kwa kuvuka Sahara, kizazi kimoja kikipokea safari ya kingine. Ukimkuta kando ya njia ya mlima anakunywa ua huku wewe unahema, mpe heshima yake.

## Ni nani huyo?

12. Mbona unatumia majina ya Kilatini? Hayana ya Kiswahili?

Kiswahili kinamwita kila mmoja kipepeo, na basi. Tanzania ina aina zaidi ya 1,000, kwa hiyo “yule mweupe” haitoshi. Kwenye matembezi tunabatiza wenyewe: tunaye Mlimao, tunaye Shati la Polisi, tunaye Karani (anayekaa mahali pamoja siku nzima na kufukuza kila anayepita). Yatumie ukiwa na wenzako. Ukitaka kutafuta habari zaidi, jina la Kilatini ndilo litakalokufikisha.

13. Yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano anayezunguka mlimao wangu ni nani?

*Papilio demodocus*, na pengine ni jike anayetafuta jani la kutagia. Mabawa yake yakitandazwa hufika sentimita 10 na zaidi. Viwavi wake hula majani ya michungwa na milimao. Wakiwa wadogo wanafanana kabisa na kinyesi cha ndege, kahawia na nyeupe, wamelala juu ya jani bila aibu. Ndege gani atakula kinyesi chake? Wakikua huwa kijani.

Mguse kidogo kwa kijiti yule wa kijani. Nyuma ya kichwa chake hutokeza pembe mbili laini, nyekundu kuelekea chungwa, na harufu kali ya ajabu inakupiga puani. Kisha pembe zinarudi ndani taratibu, naye anaendelea kula. Watoto wakishaona hilo mara moja, hakuna mlimao utakaopumzika.

14. Nimeona wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi. Mwenzangu anasema ni aina mbili tofauti. Nani mkweli?

Mwenzako anaweza kuwa sahihi. *Danaus chrysippus* ana sumu aliyoirithi kutoka kwenye mimea ya utomvu mweupe aliyokula akiwa kiwavi, na ndege humjua. Huruka polepole, hana wasiwasi na mtu. Jike la *Hypolimnas misippus* halina sumu, lakini limevaa nguo ile ile ili liogopwe.

Tazama bawa la nyuma. *Danaus* ana madoa meusi matatu au manne katikati yake. *Misippus* ana moja tu, karibu na ukingo wa mbele. Na usishangae ukikuta *Danaus* asiye na ncha nyeusi kabisa, huku kwetu wapo. Dume la *misippus* ni kitu kingine kabisa: jeusi, lenye madoa makubwa meupe yaliyozungukwa na zambarau inayong'aa likigeuka juani. Wengi hukataa ukiwaambia kwamba ni mume wa yule wa chungwa.

15. Kuna kipepeo anayepatikana kwetu tu?

Yupo: *Papilio sjoestedti*, wa misitu ya milima ya kaskazini mwa Tanzania, yaani Kilimanjaro, Meru na upande wa Ngorongoro. Ni mweusi mwenye alama za rangi ya maziwa, na tofauti na binamu zake wengi hana mikia kwenye mabawa ya nyuma. Jina lake linatokana na Yngve Sjöstedt, Mswidi aliyeongoza msafara wa kukusanya wanyama na wadudu Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906.

Ugumu wake ni kwamba anafanana na vipepeo wenye sumu wa jenasi ya *Amauris*, wanaoishi msitu huo huo. Mara nyingi nimeita watu kwa mikono miwili, wamekuja wakikimbia, na alipotua tukakuta ni *Amauris*. Mwangalie anavyoruka: *Amauris* anaelea kama karatasi. *Papilio* akikurupushwa anasahau maigizo na kukata kona kwa nguvu.

16. Agosti niliona wa bluu, Desemba mahali pale pale nikaona wa chungwa. Ni ndugu?

Ni aina moja: *Precis octavia*. Waliokulia kwenye baridi na ukame hutoka bluu iliyokolea yenye safu ya madoa mekundu. Waliokulia kwenye joto na mvua hutoka rangi ya chungwa yenye madoa meusi. Baridi au joto wakati wa ukuaji wake ndilo linaloamua nguo atakayovaa. Mtu asiyejua angeapa ni spishi mbili, na wataalamu wa zamani walidhani hivyo hivyo.

Kwa hiyo wageni wa Julai (swali la 4) hawakosi kila kitu, maana mavazi ya bluu ni ya msimu wao. Miezi ya katikati unaweza kukuta yote mawili kwenye kilima kimoja.

## Kusogea karibu

17. Kwa nini wamejazana kwenye tope, tena penye mkojo wa ng'ombe?

Chumvi. Nekta ya maua ni sukari na maji, haina chumvi ya kutosha, kwa hiyo huifyonza kwenye udongo uliolowa, mkojo na hata jasho la mkanda wa begi lako. Wengi wa hao ni madume. Wakijamiiana, sehemu ya chumvi hiyo humfikia jike kama zawadi na kuingia kwenye mayai.

Kwako hii ni bahati. Kipepeo anayekunywa tope amelewa kazi. Piga magoti, sogea polepole, utafika hadi uone mrija wake ukichokonoa kati ya punje za mchanga, na tone la maji likitoka upande wa pili kila sekunde chache: anachuja, anabakiza chumvi, maji anayatoa.

18. Ni kweli kwamba ndizi zilizooza huwavuta?

Huwavuta vipepeo wa jenasi ya *Charaxes*, na ni wazuri kuliko wale wa kwenye maua unayoyasubiria: wanene, wenye nguvu, wanaruka kama wametupwa kwa manati, wengi wana vimikia kwenye bawa la nyuma. Maua hayawahusu. Wanataka tunda lililochacha, utomvu wa mti uliojeruhiwa, na kinyesi, hasa cha wanyama wala nyama kama chui. Ndiyo maana uani kwa mama anayepika mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga, penye maganda ya ndizi mbivu, unaweza kuwaona bila hata kupanda mlima.

Chukua ndizi mbili tatu zilizoiva kupita kiasi, ziponde, ziache siku mbili kwenye chombo, kisha paka kwenye shina lenye jua. Chombo kisifungwe kabisa. Mimi nilifunga. Ndani ya haisi ya Marangu kifuniko kikafyatuka, gari zima likanuka, na bibi aliyekaa kiti cha mbele akageuka akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, hiyo mbege unapeleka arusi ya nani?” Nilishuka kituo kimoja kabla ya changu.

Ndani ya hifadhi za taifa usifanye hivi. Utakaribisha nyani badala ya vipepeo, na chakula cha binadamu hakitakiwi kuachwa porini.

19. Nitapigaje picha nzuri kwa simu?

Piga ya kwanza ukiwa mbali, hata kama ni mbaya, iwe ushahidi. Kisha sogea hatua moja, piga, sogea tena. Nenda kwa chini, usimjie kutoka juu kama ndege. Kivuli chako kisimguse. Hilo ndilo kosa la watu wote. Akiruka, usimkimbilie, bali baki ulipo: madume wengi wana kituo chao na hurudi kwenye jani lile lile baada ya kufukuza wapita njia.

Mabawa yakiwa yamefungwa piga vilevile, kwa sababu mara nyingi utambulisho uko upande wa chini. Ukizituma kwenye programu ya iNaturalist, wapo watu watakaokusaidia jina.

20. Naruhusiwa kuwakamata, au kuwafuga niuze?

Ndani ya hifadhi ya taifa huchukui kitu, kiwe hai au kimekufa, hata bawa lililookotwa. Kukusanya kwa ajili ya utafiti kunahitaji vibali, kuanzia COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na kwa wanyamapori kuna TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) pia. Kiwavi wa mlimao wa nyumbani kwako, ukimweka kwenye chupa yenye matundu mtoto amwone akigeuka, ni somo zuri na humwibii mtu. Akitoka mwachie aende.

Kuhusu biashara: kule Amani, Usambara Mashariki, wanakijiji walifuga vipepeo na kuuza vifukofuko nje ya nchi, hadi serikali ilipozuia usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Mwenye wazo la kuanza aulize sheria inasemaje leo kabla hajajenga banda.

## Hofu na usalama

21. Mlimani kuna hatari gani za kweli?

Siafu kwanza. Kwenye msitu wenye unyevu hukatiza njia kwa mistari, na mtu anayetazama juu ndiye anayesimama katikati yao. Ndiyo maana suruali inaingia ndani ya soksi. Tazama chini kabla hujaganda mahali.

Viwavi wenye manyoya usiwashike, wengine huwasha vibaya sana. Ukishaguswa, toa vinyweleo kwa utepe wa kunata, usisugue. Nyati na tembo ni kazi ya askari (swali la 9). Akisema rudini, picha yako inasubiri. Na mawe ya maporomoko yana utelezi mwaka mzima.

22. Vumbi la mabawa linapofusha macho?

Halipofushi. Lile vumbi ni magamba madogo sana yaliyopangwa kama vigae, na ndiyo yanayobeba rangi. Wazazi walitutisha ili tuwaache, na kwa kweli walikuwa na hoja: magamba yakitoka hayaoti tena. Kipepeo pia haumi wala hachomi. Hana meno, ana mrija tu.

Akikutua mkononi anaonja, kwa sababu vionjio vyake viko miguuni. Na akiingia ndani ya nyumba, wanaosema mgeni yuko njiani sitawabishia. Weka chai.

## Maswali ya nadra

23. Mvua ikinyesha wanakwenda wapi?

Chini ya majani, mabawa yamefungwa, wameshikilia. Tone la mvua kwa kipepeo ni pigo kubwa. Wakati mvua ya rasharasha inaendelea, geuza shingo uchungulie upande wa chini wa majani mapana ya magimbi au migomba. Nimewakuta watatu kwenye jani moja. Jua likirudi wape dakika kumi za kuota.

24. Siku moja nilishuhudia maelfu ya vipepeo weupe wakielekea upande mmoja. Ilikuwa nini?

Uhamaji. Mara nyingi huwa ni *Belenois aurota*, mweupe mwenye mishipa ya kahawia kwenye mabawa. Huongezeka nyikani baada ya mvua, majani ya kulisha viwavi yakielemewa wanaondoka kwa mkupuo, na wanaruka mita moja au mbili kutoka ardhini, nyumba ikiwa mbele wanaipanda na kushukia upande wa pili. Hesabu wanaopita kati ya miti miwili kwa dakika moja na uandike tarehe na upande walioelekea.

25. Hawa si ndio viwavijeshi wanaomaliza mahindi?

Hapana. Viwavijeshi ni watoto wa nondo, wakiwamo wale wavamizi kutoka Amerika walioingia Tanzania mwaka 2017. Kuua vipepeo wa shambani hakutaokoa hindi hata moja. Yule wa mlimao (swali la 13) anakula majani yako kweli. Mti mkubwa huvumilia, mche mdogo waondoe viwavi kwa mkono.

26. Nimemkuta ana bawa lililochanika. Nimsaidieje?

Usimsaidie, pengine yuko salama kuliko unavyofikiri. Bawa la kipepeo halina jeraha la kutoka damu kama letu, na wengi huruka vizuri na robo ya bawa ikiwa haipo. Tazama umbo la pengo: likiwa ni pembe tatu safi, na bawa la pili lina pengo lile lile mahali pale pale, ndege alimdaka akiwa amefunga mabawa na akachomoka. Tulimwona mmoja Duluti Januari, *Papilio* aliyepoteza mikia yote miwili, na bado alikuwa akiwafukuza wenzake wazima kutoka kwenye dirisha lake la jua.